Waya wa Kengele

Mimi ni fundi wa vifaa tiba. Watu wakisikia hivyo hudhani ni kazi ya koti jeupe na kalamu mfukoni, kumbe ni kazi ya kulala chali chini ya kitanda cha upasuaji ukitafuta nati iliyodondoka. Hospitali nzima inaniita Bisibisi, kwa kuwa sijawahi kuonekana bila bisibisi mfukoni. Karakana yangu iko nyuma ya jengo la kufulia: chumba kimoja, dirisha lisilofunga, meza mbili, na lundo la mashine za msaada zilizokuja bila vipuri na vitabu vya maelekezo kwa lugha ambazo hakuna anayezisoma. Nimezika mashine nyingi mle ndani. Nasema hivi ujue kwamba sikuwa mtu wa kushangilia mashine.

Moja niliishangilia, kwa sababu niliiunda mwenyewe. Basi, tuseme ukweli, tuliiunda wawili. Mwenzangu alikuwa Sista, mkuu wa wodi ya watoto njiti, mama wa makamo asiye na dogo na mtu yeyote, awe mganga mkuu au mfagiaji. Yeye alijua watoto, mimi nilijua pampu. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati mapafu yake hunata kama mfuko wa plastiki uliolowa. Anahitaji hewa isukumwe taratibu kupitia puani, isiyaache yakajifunga. Wodi ilikuwa na mashine mbili za kazi hiyo, zote zimekufa. Siku moja Sista alikuja karakana, akakaa juu ya jokofu bovu, akanitazama muda mrefu.

"Bisibisi, leo wamekwenda watatu," akasema. "Usinianzishie habari za vipuri."

Ilituchukua miezi saba. Pampu ndogo, mpira mwembamba wenye ncha mbili za kuingia puani, na chupa ya maji. Hewa ikishampitia mtoto inaishia kwenye chupa na kutoa mapovu. Mapovu yakichemka, mtoto anapata hewa. Yakikoma, ujue mpira umechomoka mahali. Tukaiita Mapovu, hatukuwa na jina la maana zaidi.

Kengele lilikuwa wazo la Sista. "Nesi mmoja, watoto ishirini na wawili," alisema. "Nani atakaa anatazama mapovu?" Nikaweka kengele na taa nyekundu: mpira ukichomoka, kengele inalia na taa inawaka na kuzimika. Nikataka kuweka na swichi ya kuizima. Sista akanijia juu. "Ukiweka swichi, kuna siku mtu atachoka na kelele, ataizima. Nakujua wewe, nawajua manesi wangu, najijua na mimi." Kwa hiyo kengele ya Mapovu haikuwa na swichi. Ukitaka inyamaze, rudisha mpira kwa mtoto.

Na akaweka sheria ya mlangoni. Mashine yoyote ikitoka wodini, hata ikienda kufutwa vumbi tu, hairudi ndani mpaka isikike ikilia. Unasimama kizingitini, unachomoa mpira, inapiga kelele, unarudisha, unaingia. Wafagiaji walimcheka, wakampa jina la Mama Kengele. Aliwaacha wacheke. Mwaka ule watoto waliokufa wodini kwake walipungua kwa nusu.

Habari kama hizo hazifichiki. Wakaja wa wizarani, wakaja wa chuo kikuu, wakaja wafadhili, ikaja na kampuni ya kuziunda kwa wingi, ikazaliwa Kamati ya Ushirikiano. Sitaki kuwadhihaki bure, maana walileta pampu bora kuliko zangu na wahandisi vijana waliopima kila kitu mara kumi. Nilijifunza mengi kwao. Lakini kwenye kikao cha tatu mwenyekiti wa kamati, profesa mpole mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliigusa chupa ya maji kwa ncha ya kidole, akasema inafanana na kitu cha jikoni. Mashine ya taifa haiwezi kwenda mbele za watu hivyo. Iwekwe ndani ya sanduku.

"Mapovu nitayaonaje?" Sista akauliza.

"Sista, kuna kengele na kuna taa."

Meza nzima ikanigeukia mimi, mbunifu. Nilikuwa nimevaa koti la kuazima, na mbele yangu kulikuwa na kibao chenye cheo changu. Kichwa kilikuwa kimevimba, nakiri. Nikasema sawa, sanduku halina shida. Sista hakunisemesha wiki nzima. Sanduku lilipofika lilikuwa jeupe, linateleza, zuri, nami nililipitishia kiganja kama mtu anayepapasa gari jipya.

Sasa nimlete mdogo wangu. Kwetu tulizaliwa wawili tu, mimi na yeye, na tangu wazazi wafariki mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa shuleni kwake, mimi ndiye niliyepokea mahari yake. Mimba tatu zilikuwa zimeharibika. Ya nne ilimfikisha wiki ya thelathini, akajifungua mtoto wa kiume wa kilo moja na gramu mia mbili. Shemeji yangu ni dereva wa malori ya masafa. Alimwona mwanawe siku moja, akarudi safarini akilia. Mtoto akawekwa kwenye Mapovu namba tatu, nayo ilishatiwa sanduku jeupe. Hatukumpa jina, mdogo wangu aliogopa kulitaja mapema. Manesi wakamwita Bosi, kwa kuwa akipiga chafya wodi nzima inasimama.

Kila baada ya saa tatu kina mama waliingia kuwanywesha watoto maziwa kwa bomba la sindano, tone kwa tone. Walifundishwa jambo moja tu kuhusu mashine: kengele ikilia, mwite nesi. Mdogo wangu alilishika hilo kuliko wote. Kengele ya kitanda cha mbali ikilia, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kupiga ukelele. "Kaka, hii kitu yako ina mdomo," aliniambia akicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mimba ya pili.

Uzinduzi ukapangwa Bosi akiwa na siku kumi na tatu. Ungefanyika palepale hospitalini, kwenye ukumbi wa mikutano. Kamati ilitaka mashine mpya ziwekwe mezani, ila mgeni rasmi aonyeshwe moja iliyotoka kazini, yenye mikwaruzo yake, ili waandishi waone kwamba inaokoa watoto wa kweli. Sista alikataa. Wakampigia simu mganga mkuu. Sista akakubali moja tu, kwa saa mbili tu, ya mtoto anayeweza kuvumilia oksijeni ya kawaida kwa muda huo. Walikuwepo wawili wa namna hiyo: binti wa mama mmoja muuza mboga, na Bosi. Sikuweza kumwendea mama wa watu nikamwambia namchukulia pumzi ya mwanawe nikaionyeshe. Nikachukua ya kwetu. Mdogo wangu mwenyewe alisaidia kuifuta, maana alikuwa amealikwa kukaa mstari wa mbele, mama wa ushuhuda.

Asubuhi tukafanya majaribio ukumbini. Nikachomoa mpira, kengele ikalia kama inavyopaswa kulia, ukuta ukaurudisha mlio. Afisa itifaki, kijana nadhifu mwenye karatasi mkononi, akaziba masikio.

"Mzee, hiyo haiwezekani. Mheshimiwa atakuwa anahutubia. Izime."

"Haina swichi."

"Mashine gani haina swichi?"

"Kengele ndiyo haina. Ndivyo ilivyoundwa."

"Basi iondoe kwenye ratiba," akamwambia mwenzake, na akaanza kukata mstari kwenye karatasi yake. Mstari wenyewe ulikuwa wangu: maonyesho ya mbunifu, dakika nne.

Ningemwacha akate. Hadi leo najiuliza ningepungukiwa nini. Lakini nilitoa bisibisi, nikafungua sanduku, nikaung'oa waya wa kengele. Waya mweupe, mfupi kuliko kidole. Hakuna mtu mwingine katika hospitali ile aliyejua ulipo. Nikajiambia nitaurudisha mimi mwenyewe mara tu shughuli ikiisha, nikafunga skrubu zote nne.

Mgeni rasmi alichelewa saa moja na nusu. Alipofika mambo yakaenda mbio. Nilisimama mbele ya watu mia tatu nikiwa na mwanasesere wa plastiki, nikaeleza. Nilipochomoa mpira, taa nyekundu ikaanza kuwaka na kuzimika kimyakimya.

"Na hiyo taa?" mgeni rasmi akauliza.

Nikafungua mdomo. Mshereheshaji akaniwahi kwa kipaza sauti: "Mheshimiwa, hiyo ndiyo taa inayomlinda mtoto!" Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Mdogo wangu alikuwa mstari wa mbele, amevaa gauni lake la harusi ya rafiki yake, anapiga makofi machozi yakimtiririka. Nikamwangalia nikafurahi. Sikusahihisha neno. Nikarudisha mpira, nikainama.

Zile saa mbili za Sista zilikuwa zimepita kitambo. Alinifuata nyuma ya jukwaa, akanifinya mkono: "Mashine irudi sasa hivi." Mhudumu wa wodi akaisukuma kwenda nayo, utepe bado umefungwa juu. Mimi nikageuka nimfuate. Afisa itifaki akanishika bega: picha ya pamoja, halafu kutia saini hati ya ushirikiano, mbunifu lazima awepo. Sista naye akaitwa kupokea cheti. Nikasema moyoni, dakika kumi.

Wodini alikuwepo nesi wa zamu, peke yake. Mashine ilifika mlangoni ikitoka mikononi mwa Bisibisi mwenyewe, imesafishwa, imepigwa picha na waheshimiwa. Hakuichomoa mpira kizingitini. Angehisi ananikosea adabu. Alimuunganisha Bosi, akahakikisha hewa inapita, akaandika saa kwenye chati: saa nane na dakika arobaini. Dakika hiyohiyo wakamletea kutoka chumba cha upasuaji mtoto mchanga asiyelia, akamkimbilia, akaupa mgongo upande wa kina Bosi.

Simu ilinikuta nimeshika kalamu. Nilikimbia na koti la kuazima, Sista mbele yangu amevua viatu. Tulipofika, mtaalamu wa usingizi alikuwa akimbonyeza Bosi kifua kwa vidole viwili. Mpira ulikuwa umechomoka puani, umelala pembeni ya shingo. Mdogo wangu walishamtoa nje. Nilimsikia ukutani upande wa pili akiuliza swali moja tu, nini, nini, nini.

"Mama alikuwa hapahapa," nesi wa zamu alirudia, macho yamemtoka. "Alikuwa amekaa naye. Mbona hakuniita? Mbona hakikulia kitu?"

Mashine ilikuwa imesukumwa kwenye kona. Watu wote walikuwa wamempa mgongo. Mikono yangu ilifanya kabla kichwa hakijakata shauri: skrubu nne, waya, skrubu nne. Nilipomaliza, Sista alikuwa anatazama saa ya ukutani ili aandike.

Tulimzika kesho yake. Alitosha kwenye mikono ya baba yake, aliyesafiri usiku kucha kufika.

Uchunguzi ulichukua siku moja. Kamati ilikuja wodini, mwenyekiti akavaa miwani yake, akachomoa mpira wa namba tatu. Kengele ikalia hadi mtoto wa jirani akashtuka. Nikaona mabega ya profesa yakishuka kwa ahueni, na Mungu anisamehe, na yangu yalishuka.

"Kengele ni nzima," akasema. "Nesi, hukusikia?"

"Haikulia."

"Sote tumeisikia."

"Haikulia, profesa."

Wakamsimamisha kazi. Kwenye taarifa wakaandika kwamba mashine imethibitika kuwa salama na kwamba mtumishi alizembea. Hospitali arobaini zilikuwa zikisubiri mashine hizo. Hakuna aliyetaka doa. Mimi niliulizwa swali moja, kama kuna namna yoyote kengele inaweza kuzimwa na mtumiaji. Nikajibu kwamba haina swichi. Jibu lenyewe lilikuwa kweli tupu.

Siku ya tisa nesi wa zamu alikuja karakana. Alikuwa amekonda. Alinipa shikamoo, akatoa karatasi kwenye mkoba, akainyoosha juu ya meza yangu katikati ya nati.

"Kaka Bisibisi, wewe unaelewa michoro ya mashine. Nisomee hii. Nimekwenda kupima masikio."

Nikaitazama ile mistari miwili, ya sikio la kulia na la kushoto.

"Yako vizuri," nikasema.

"Wao pia wameniambia yako vizuri." Akaikunja karatasi upya. "Basi ni kichwa. Nikilala naisikia ikilia. Pengine na siku ile ililia, nikawa nimeshachanganyikiwa. Nataka kuwaandikia kwamba nakubali."

Nikamwambia asiandike chochote. Alipoondoka nilifunga mlango, nikaandika mimi. Ukurasa mmoja, na waya ukiwa kwenye sentensi ya kwanza. Nikampelekea Sista. Aliusoma amesimama, akausoma tena, kisha akauweka mezani na kuufunika kwa kiganja kama anayezuia usipeperuke.

"Nilikuamini kuliko nilivyojiamini," akasema. Hakupaza sauti, na kwa Sista hilo ni baya kuliko tusi. "Peleka kwa kamati kwa mkono wako. Lakini anza kwa mdogo wako. Asije akasikia kwa watu."

Nilimkuta mdogo wangu sebuleni kwake, jua la alasiri likiingia mpaka katikati ya zulia. Alikuwa amejifunga kitambaa kifuani kwa nguvu, maana maziwa yalikuwa hayajakatika. Akainuka kunipokea, akanikalisha, akaniletea maji. Nikakosa pa kuyaweka.

"Umekonda, kaka," akasema. "Usijitese. Mimi najua ulivyohangaika. Najipa moyo kwa kitu kimoja tu, kwamba hakuondoka peke yake. Mimi nilikuwepo na mashine yako ilikuwepo. Siku zake ndizo zilikuwa zimefika."

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na barua mfukoni; kamati ingeisoma, nesi angerudi kazini, na yeye angebaki na hilo moja la kujipa moyo. Nilipiga moyo konde nikasema yote bila kupumzika: afisa itifaki, dakika zangu nne, bisibisi, waya, picha ya pamoja, na jinsi nilivyourudisha waya wakati mwanawe anabonyezwa kifua. Nikasema nesi hana kosa. Nikasema mpira ulipochomoka kengele haikuweza kulia, ikabaki taa peke yake.

Hakulia. Nilitegemea anipige, nilikuwa tayari kupigwa. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Taa gani?" akauliza.

"Ile nyekundu."

"Inayowaka na kuzimika."

"Ndiyo."

"Waliyoipigia makofi."

Hapo ndipo na mimi nikaelewa, nikatamani nirudishe kila neno nililosema tangu niingie.

"Nilivyoingia saa tisa ilikuwa inawaka," akasema. "Nikakaa naye. Nilikuwa bado nimevaa lile gauni. Alikuwa ametulia, kaka, nikasema leo Bosi kashiba. Na taa yake inawaka vizuri, na kelele hakuna. Nikaiangalia muda mrefu." Akainua kiganja cha kushoto, akakigonga polepole kwa vidole viwili vya kulia, bila sauti. "Nikampigia makofi. Hivi, nisiwaamshe wenzake."